Klebsiella imeng'ang'ania wodi yetu ya watoto njiti. Tumepuliza dawa, inarudi. Tuanzie wapi?

SistaWaNjiti

Habari za kazi, wadau. Mimi ni muuguzi kiongozi wa wodi ya watoto wachanga, hospitali ya rufaa ya mkoa huku Tanzania Bara. Jina la hospitali naomba libaki kwangu, maana ninachotafuta ni msaada na si kumchafua mtu.

Tangu masika yaanze tunapoteza watoto ambao hatukupaswa kuwapoteza. Anazaliwa mtoto wa gramu 1,400 au 1,600, mdogo lakini mzima. Anapokea maziwa ya mama kwa mrija, anapumua mwenyewe, mama ameanza kutabasamu. Siku ya nne au ya tano unamkuta amelegea. Tumbo limevimba, maziwa hayashuki, ukivuta mrija yanatoka ya kijani. Ngozi inakuwa na madoa kama marumaru na pumzi inaanza kukatika. Tunatoa damu inapelekwa kuoteshwa, na majibu yakirudi ni yale yale: bakteria aitwaye Klebsiella pneumoniae. Ampisilini haisikii (yaani dawa haimuui), jentamisini haisikii, seftriaksoni haisikii. Zinazobaki ni amikasini na meropenemu, na meropenemu kwetu mara nyingi ndugu wanaambiwa wakanunue nje. Wiki iliyopita baba mmoja alitoka asubuhi kuitafuta, akarudi jioni na kichupa kimoja, ndicho alichoweza. Mtoto alifariki usiku huo.

Uongozi haukukaa kimya, niwatendee haki. Waliletwa watu wa kupuliza dawa, wodi ikafungwa, watoto tukawahamishia chumba cha jirani. Kuta zikapakwa rangi. Tuliporudi, kabla wiki haijaisha tukapata mtoto mwingine mwenye kimelea kile kile.

Mazingira yetu ni haya. Vitanda vya joto havitoshi, kwa hiyo kimoja kinabeba watoto wawili, wakizidi watatu. Sinki ni moja, lipo pembeni ya meza ya kuandalia dawa. Maji yanatoka kwenye tenki la juu, yakikatika tunatumia ndoo yenye koki. Kitakasa mikono kikija kinafika katikati ya mwezi, baada ya hapo basi. Usiku ni muuguzi mmoja na mhudumu mmoja. Dekstrosi (maji ya sukari ya dripu) ya 10% haipatikani, tunachanganya wenyewe ya 5% na ya 50% asubuhi, chupa inakaa mezani na kila mwenye mtoto wa kuwekewa dripu anavuta hapo. Mashine ya saksheni, ya kuvuta makamasi, ni mbili. Akina mama wanaingia kwa saa za kulisha tu, kisha wanatoka, kwa sababu tunaambiwa wao ndio wanaleta uchafu kutoka nje.

Sasa kuna mawazo matatu mezani. La kwanza ni kupuliza tena, safari hii kwa dawa kali zaidi. La pili ni kuchukua sampuli za mikono ya wauguzi wote ili ajulikane nani anayesambaza. Wenzangu wameshaanza kuogopana, kila mtu anamtazama mwenzake. La tatu limetoka kwa madaktari: tuachane na ampisilini na jentamisini, kila mtoto anayeingia aanzishiwe meropenemu moja kwa moja.

Kikao na uongozi ni Jumatatu. Nikienda mikono mitupu haya matatu ndiyo yatapita. Aliyewahi kupambana na kitu hiki akashinda, naomba aniambie alianzia wapi.

---

Maabara_Kanda

Sista, pole sana, na poleni kwa hao wazazi. Nafanya kazi ya kuotesha vimelea, nitajibu upande wangu.

Mnachokiona si kigeni. Utafiti uliofanyika Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2005 ulifuatilia watoto wenye maambukizi ya damu. Wale waliokuwa na bakteria wenye kimeng'enya cha kuvunja dawa za kundi la seftriaksoni, 71% walifariki. Kilifi, Kenya, takwimu za mwaka 2002 hadi 2009 zilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watoto waliopata maambukizi ya damu wakiwa tayari wamelazwa walifariki, na Klebsiella ilikuwa miongoni mwa vinara. Sasa ni miaka mingi imepita na dawa zimezidi kuchoka.

Kabla ya Jumatatu fanya jambo moja ambalo halina gharama. Chukua karatasi kubwa, andika kila mtoto aliyeota Klebsiella tangu masika: tarehe ya kulazwa, kazaliwa hapo au kaletwa, kitanda gani, amelala na nani, tarehe aliyolegea, alikuwa na kanula (kile kibomba cha mshipani) au hapana, dripu au hapana, alifanyiwa saksheni au hapana. Kisha nenda maabara yenu uombe majibu kamili ya dawa zote zilizopimwa, si yale mafupi yanayobandikwa kwenye faili. Watoto wanne wakiwa na mpangilio ule ule wa dawa zinazosikia na zisizosikia ndani ya wiki mbili, hiyo haithibitishi kwamba ni kimelea kimoja lakini ni dalili nzito kwamba kuna njia moja inayowafikia wote. Mipangilio ikiwa tofauti tofauti, basi njia ni nyingi na tatizo ni pana zaidi.

Angalia pia siku. Mtoto akilegea ndani ya siku mbili za kwanza huenda alikipata kwa mama au chumba cha kujifungulia. Siku ya nne, ya tano, ya sita, hicho amekipata kwenu.

Kuhusu sampuli za mikono ya wauguzi: usikubali. Mkono hubeba Klebsiella kwa muda mfupi tu, unaoshwa inatoka. Leo utaipata kwa muuguzi aliyetoka kumgusa mtoto mgonjwa dakika kumi zilizopita, utamhukumu, na kumbe kesho ingekuwa kwa mwingine. Sampuli zetu ni chache na vyombo vya kuoteshea vina bei. Nileteeni maji ya sinki na ya ndani ya bomba la kutolea maji machafu, maji ya vile vichupa vya kulowesha oksijeni, ncha ya mpira wa saksheni, na hiyo chupa ya dekstrosi mnayochanganya asubuhi, ichukuliwe jioni. Kuta msiniletee.

Na damu ya mtoto, tafadhali, itoke kabla ya dozi ya kwanza, na iwe angalau mililita moja. Matone matatu ndani ya chupa hayaoti kitu, halafu mnatuambia maabara haifanyi kazi.

---

MatroniMstaafu

Mwanangu, marahaba umeipata hata kama shikamoo hukuiandika. Mimi nimestaafu, lakini miaka yangu ya mwisho kazini nilikuwa msimamizi wa kukinga na kudhibiti maambukizi, na wodi iliyonisumbua kuliko zote ilikuwa ya wachanga. Nimesoma maelezo yako nikaona jibu lako umeliandika mwenyewe humo ndani. Acha nikuonyeshe.

Kupuliza dawa kwanza, ili tuliondoe. Klebsiella haielei hewani ikasubiri mtoto. Haikai kwenye dari. Inapenda majimaji: sinki, mipira ya saksheni, kichupa cha oksijeni, dripu, utumbo wa watoto wenyewe. Ukipuliza chumba kisicho na mtu unasafisha kuta, kisha unawarudisha ndani watoto wale wale, mashine zile zile, ndoo ile ile na sisi wenyewe. Ndiyo maana ilirudi kabla ya wiki. Zile fedha za mpulizaji, ziombe zinunue kitakasa mikono. Utakuta zinatosha miezi.

Sasa fanya hivi. Kesho saa kumi na mbili ya dozi, usivae majukumu yoyote. Chukua kiti, kaa pembeni ya meza ya dawa, na mfuate mtoto mmoja tu. Ifuate dawa yake tangu kichupa kinafunguliwa mpaka inaingia mshipani. Usimkaripie mtu, usiseme neno, andika tu.

Nitakwambia nilichokiona mimi nilipokaa kwenye kiti hicho. Kichupa cha ampisilini cha miligramu 500 kimezimuliwa. Mtoto wa kilo moja na nusu anahitaji miligramu 75, kwa hiyo kichupa kimoja kinagawanywa kwa watoto watano au sita. Sindano ya kuvutia imechomekwa kwenye mpira wa kichupa na imeachwa humo ili kuokoa muda. Pembeni kuna kibakuli cha pamba zilizoloweshwa spiriti tangu asubuhi. Spiriti imeshakauka, imebaki pamba yenye unyevu ambayo vidole vya kila mtu vimepita. Muuguzi anavuta dozi, anakwenda kwa mtoto wa kwanza, anagusa kanula, plasta imelegea anaibana kwa kidole, anarudi mezani na glovu zile zile, anavuta ya pili. Alikuwa dada mwenye bidii kuliko wote pale, hakukaa chini tangu saa mbili usiku. Angetaka kutakasa mikono kati ya mtoto na mtoto, chupa ya kutakasia ilikuwa ukutani karibu na mlango, hatua kumi na mbili kwenda na kumi na mbili kurudi, mara watoto thelathini. Hakuna binadamu anayeweza.

Hiyo ndiyo njia yenu. Na yako ina kitu kibaya zaidi: ile dekstrosi. Bakteria wengi hawaipendi maji ya sukari, lakini Klebsiella na jamaa zake hustawi humo kwenye joto la kawaida la chumba. Chupa ikichanganywa asubuhi kwenye meza iliyo pembeni ya sinki, ikachomwa na sindano za watu wengi, ikakaa na joto lenu la masika mpaka jioni, ifikapo saa moja usiku unaweza kuwa unawapitishia watoto kimelea moja kwa moja mshipani bila kujua. Mtu wa maabara amekuomba hiyo chupa. Mpe leo hii. Lakini usisubiri majibu kuacha: kuanzia leo hakuna chupa ya wote. Kiasi cha mtoto kinachanganywa kwa ajili yake peke yake, kinabandikwa jina na saa, kinachobaki kinamwagwa.

Meza ihame. Isikae karibu na sinki, angalau mita moja, na pasipo nafasi wekeni kizuizi katikati. Bomba la maji machafu la sinki ni makazi ya hawa wadudu. Ukifungua koki kwa nguvu maji yanarusha matone juu ya vifaa vyako. Uholanzi, hospitali ya chuo kikuu cha Radboud mjini Nijmegen, waliamua kung'oa masinki yote kwenye vyumba vya wagonjwa mahututi, na wagonjwa waliobeba bakteria wa kundi hili wakapungua. Ninyi msing'oe, mna sinki moja tu, lakini elewa kwa nini wao walifika huko.

Vichupa vya oksijeni: tupeni mazoea ya kuongezea maji juu ya maji. Kinamwagwa, kinaoshwa, kinakaushwa, kinajazwa maji yaliyochemshwa au ya kusafishwa, kila siku. Mpira wa saksheni ni wa mtoto mmoja. Lile sufuria la dawa nyekundu ambalo mipira yote inalala pamoja, kama mnalo, litoke wodini. Dawa za kuua wadudu zilizozimuliwa na kukaa siku nyingi huota bakteria zenyewe.

Glovu nazo. Glovu ikimgusa mtoto wa kwanza haiendi kwa wa pili, na haioshwi kwa spiriti ikaendelea. Afadhali mkono mtupu uliotakaswa.

Nimeacha kubwa mwisho. Mwanangu, waingizeni akina mama. Mmewatoa nje mkidhani wao ndio uchafu, na kumbe wadudu wa kwenye ngozi ya mama ni wa kawaida wanaotibika, ila wa wodini kwenu ndio wanaoua. Shirika la Afya Duniani lilisimamia utafiti Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa kwetu Tanzania, majibu yakatoka mwaka 2021. Watoto wa kilo moja hadi chini kidogo ya kilo 1.8 waliwekwa kifuani kwa mama mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri watengemae. Vifo vilikuwa 12% kwao na 15.7% kwa waliokaa kwanza kwenye vitanda vya joto. Utafiti ulisimamishwa mapema kwa sababu haikuwa haki kuendelea kuwanyima wengine. Na maambukizi ya damu yalipungua pia. Mtoto aliye kifuani kwa mamaye halali na wenzake wawili kitanda kimoja, na haguswi na mikono kumi kwa siku. Unapunguza msongamano bila kujenga chumba. Unachohitaji ni viti vya kuegemea na vitanda vya akina mama humo ndani. Hilo ndilo uliombe Jumatatu kwa sauti.

---

DktZamu

Heshima yako, Matroni. Mimi ni daktari wa watoto, wilaya jirani na mpaka. Nakubali mengi ila naomba tuwe wakweli kwenye mambo mawili.

Kichupa kimoja mtoto mmoja hakiwezekani kwetu. Ukimwaga miligramu 425 za ampisilini kila dozi, dawa ya mwezi inaisha wiki ya kwanza, na baada ya hapo watoto hawana dawa kabisa. Ukisema vile kwenye kikao mfamasia atakutoa nje.

La pili, hilo la meropenemu. Naelewa kishawishi kwa sababu nimesimama kando ya kitanda nikajua ninachompa mtoto ni maji. Lakini Sista, waambie madaktari wenzangu kwamba ukimpa kila anayeingia, mwakani mtakuwa na Klebsiella isiyosikia meropenemu, na baada ya hapo kuna kolistini ambayo ni sumu kwa figo na wengi wetu hatunayo. Afrika Kusini, hospitali ya Tembisa, mwishoni mwa mwaka 2019 walipoteza watoto wachanga 10 kwa mlipuko wa Klebsiella ya aina hiyo. Sisi tulikubaliana hivi: mtoto aliyezaliwa kwetu akaugua siku tatu za kwanza anaanza na ampisilini na jentamisini kama mwongozo unavyosema. Aliyelegea baada ya hapo, wodini, wakati mlipuko unaendelea, anaanza na amikasini kwa kuwa maabara imeonyesha bado inasikia. Meropenemu inatolewa na daktari bingwa mmoja anayesaini. Na baada ya saa 48 lazima mtu aandike: naendelea kwa sababu hii, au naacha. Kama damu haikuota kitu na mtoto ananyonya, dawa inaachwa. Hiyo ya kuacha ndiyo ngumu kuliko zote, tunaogopa. Ila kila siku ya seftriaksoni isiyo na sababu inaua vimelea dhaifu kwenye utumbo wa mtoto na kuwaachia nafasi hawa sugu, na mtoto huyo anakuwa chanzo cha wenzake.

---

MatroniMstaafu

Daktari, hoja yako ya vichupa ni ya kweli na sikutaka vimwagwe. Kinachoua ni kichupa kukaa wazi kikichomwa kutwa nzima, kugawana peke yake si kosa. Gawaneni, lakini kwa saa moja: mtu mmoja ametakasa mikono, hagusi mtoto yeyote, meza imefutwa, anazimua na kuvuta dozi zote za saa hiyo kwa bomba la sindano jipya kila moja, anaandika majina, anaziweka kwenye trei. Sindano haiachwi kwenye mpira. Mpira unafutwa kwa pamba mpya na kuachwa ukauke kabla ya kuchomwa. Mwingine ndiye anayezunguka kuwapa watoto. Kilichobaki kwenye kichupa cha ampisilini baada ya hapo kinatupwa, na kitakuwa kidogo. Mkipanga watoto wa dawa moja wawe na saa moja, hasara inakuwa ndogo kuliko sasa.

Usiku wa muuguzi mmoja haliwezekani, najua. Kwa hiyo kuongezewa muuguzi wa usiku kuingie kwenye orodha ya kudhibiti maambukizi, kusisubiri orodha ya ajira. Israeli walipovamiwa na Klebsiella isiyosikia meropenemu, Machi 2007 wizara yao iliagiza wagonjwa wenye kimelea watengwe pamoja na wahudumiwe na wauguzi wao peke yao, na ikaweka timu ya taifa kufuatilia kila hospitali. Wagonjwa wapya walikuwa 55.5 kwa kila siku 100,000 za kulazwa. Ilipofika Mei 2008 walikuwa 11.7. Hakuna dawa mpya iliyogunduliwa pale. Walipanga watu.

Sista, hata kona moja inatosha. Watoto waliothibitishwa, kona ile, saksheni moja yao, kipimajoto chao, mtu wao kwa zamu nzima.

---

MfamasiaPwani

Salaam kutoka Mombasa. Naongeza kwenye suala la kitakasa mikono kuisha katikati ya mwezi, kwa sababu hilo halina sababu ya kutokea. Tengenezeni wenyewe pale hospitalini. Fomula ya Shirika la Afya Duniani ni ya wazi na mfamasia yeyote anaiweza. Kwa lita 10:

etanoli ya 96%, mililita 8,333
haidrojeni peroksaidi ya 3%, mililita 417
gliserini ya 98%, mililita 145
maji yaliyochemshwa yakapoa, jaza hadi alama ya lita 10

Koroga, funga, gawa kwenye chupa ndogo, ziache saa 72 kabla ya kutumia ili peroksaidi iue mbegu za bakteria zilizomo kwenye chupa au kwenye spiriti yenyewe. Gliserini msiiongeze mkidhani mnalinda ngozi, ikizidi mikono inanata na watu wataacha. Muwe na kipimo cha kilevi, kile cha kuelea, mhakikishe mmefika 80%. Chumba kiwe na hewa, mbali kabisa na moto na sigara. Chupa iliyoisha haiongezewi juu kwa juu: inaoshwa, inakauka, ndipo inajazwa. Etanoli ya viwanda vya sukari inapatikana ukanda wetu wote, ombeni nukuu ya bei ya pipa muilinganishe na ile mnayonunua ikiwa tayari.

Na chupa ikae kwenye kila kitanda. Geneva, Profesa Didier Pittet na wenzake walipoweka dawa hii kando ya vitanda na kuwapa watu majibu yao wenyewe, usafi wa mikono ulipanda kutoka 48% mwaka 1994 hadi 66% mwaka 1997, na wagonjwa wenye maambukizi ya hospitalini walishuka kutoka 16.9% hadi 9.9%. Angalia: 66% tu, si 100%. Msikate tamaa watu wakisahau.

Klorini kwa damu na sakafu: Jik ya 3.5%, sehemu moja kwa sehemu sita za maji inakupa 0.5%. Ichanganywe kila siku, ya jana imekufa. Vitanda vya joto vifutwe kwanza kwa sabuni, klorini haifanyi kazi juu ya maziwa yaliyoganda.

---

MamaPacha

Samahani naingilia, mimi si mtu wa afya. Nilijifungua mapacha wa miezi saba, hospitali siitaji. Mmoja yuko hapa anatambaa. Mwenzake aliondoka siku ya tisa na cheti kiliandikwa maambukizi kwenye damu. Hakuna aliyenieleza maambukizi hayo yalitoka wapi, na mimi nikabaki naamini nilimletea mwenyewe kwa mikono yangu, maana kila siku tulikuwa tunafokewa mlangoni kwamba tunaingiza uchafu.

Nilikuwa naona vitu. Naona anayekuja kuchoma sindano ametoka kushika simu. Naona kile kichupa kinachotoa mapovu kwenye oksijeni kinaongezewa maji ya koki. Sikujua kama naruhusiwa kusema. Sista, ukirudi wodini waambie akina mama wanaruhusiwa kukuuliza, "Umetakasa mikono?" Liandike ukutani, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, na usaini wewe kiongozi ili asije akafokewa mtu. Na mtoto akifariki waelezeni ukweli.

---

SistaWaNjiti

Mama Pacha, pole sana. Hukumletea mtoto wako chochote. Tangazo nitaliandika leo na nitalisaini.

Shikamoo Matroni. Nilikaa kwenye kiti asubuhi hii. Sitaeleza yote, ila karibu kila ulichokitaja nilikiona, na pamba pia. Chupa ya dekstrosi ya jana jioni imepelekwa maabara pamoja na maji ya vichupa vya oksijeni. Meza tumeihamisha upande wa dirishani, wahudumu wawili na mimi, bila kusubiri kibali. Karatasi ya majina nimeijaza: watoto wote isipokuwa mmoja walikuwa na dripu, na wengi walilala vitanda viwili vinavyotumia saksheni ile ile.

Kwa Jumatatu nimeamua kuomba vitu vinne: fedha za kupuliza zihamie kwenye malighafi ya kitakasa mikono, muuguzi wa pili usiku, vitanda vya akina mama ndani ya wodi, na meropenemu iwe na saini. La sampuli za mikono nitalipinga kwa maneno ya mtu wa maabara.

Limebaki swali moja ambalo naona hamkuligusa. Maji yetu ni ya tenki la juu, na sijui lilioshwa lini. Nayo nipime?

---

Maabara_Kanda

Pima, na ni rahisi. Mwombe afisa afya wa mkoa aje na kipimo cha klorini inayobaki kwenye maji, kile cha kubadilika rangi. Apime kwenye koki ya wodini, asipime tenkini. Inatakiwa isipungue miligramu 0.2 kwa lita. Ikisoma sifuri, tenki lifunguliwe, lisuguliwe, litiwe klorini, na mpaka hapo watoto wachanga wasiogeshwe kwa maji hayo wala yasiguse mirija yao bila kuchemshwa. Na ndoo yenye koki ioshwe na kukaushwa kila jioni, koki yake ifunguliwe isuguliwe ndani kwa brashi, pale panakuwa na utelezi.

Majibu ya dekstrosi usiyangoje hadi yatoke rasmi. Piga simu maabara kesho mchana, chupa ikiwa imechafuka sana wataona maji ya kuoteshea yamekuwa na ukungu, yaani bakteria wameota, ndani ya saa 24.